Dakika ya Arobaini na Moja

Nawasha deki baada ya saa nne usiku,
Luthuli ikishazima vipaza sauti vyake.
Mchana haiwezekani: fundi wa redio wa chini
akigusa waya wake tu,
picha yangu inatetemeka kama maziwa kwenye karai.

Filamu hii ni yatima.
Mikebe yake iliuzwa kwa kilo, Eneo la Viwanda,
ikakamuliwa fedha iliyomo, mabaki yakachomwa.
Zimebaki kanda tatu. Na mimi.

Ya kwanza ni ya Bhavesh, aliyekuwa akikodisha Ngara.
Kibandiko bado kipo:
Rudisha nyuma kabla ya kurejesha. Faini shilingi tano.
Rangi zake nzuri, nyekundu bado inajijua ni nyekundu,
ila imeota ukungu kingo zote.
Wiki mbili nimeipangusa kwa spiriti na kitambaa cha miwani,
mke wangu akiuliza kama mgonjwa huyu ana bima.

Ya pili ilinaswa hewani, Donholm,
na mtu mwenye kidole chepesi:
kila tangazo la sabuni amelikata,
na kila mara akakata na kipande cha mapenzi.

Ya tatu ni kanda ya sebule.
Kamera imewekwa juu ya kabati, Umoja,
inatazama runinga.
Pembeni, kitambaa cha kufuma na chupa ya chai.

Nashona. Fremu ya Ngara, fremu ya Donholm,
ishirini na tano kwa kila sekunde.
Sing'arishi.
Wapo wanaong'arisha mpaka nyuso zinakuwa sabuni.
Mimi mkwaruzo nauhoji kwanza:
wewe ni wa filamu, au ni wa kanda?
Wa filamu hukaa.

Halafu dakika ya arobaini na moja.
Mlinzi wa ghala anaketi chini ya ngazi,
mkono ubavuni.
Hapo deki ya mteja fulani iliitafuna kanda ya Bhavesh.
Hapo Donholm iliingia taarifa ya habari.
Imebaki Umoja peke yake,
na Umoja ina watu:
kijiko kinagonga kikombe, kiti kinaburutwa,
na mtoto, karibu kabisa na kamera, anauliza,
"Amekufa?"
Na mwanamume: "Shh. Ngoja."

Ninayo programu ya kufuta.
Nilikwisha kufuta mbwa, na mvua juu ya bati.
Usiku wa tatu nilimfuta mtoto.
Pakawa safi.
Mlinzi akafa vizuri, kimya,
na hakuna aliyemuulizia.

Jumamosi akaja Kerubo, mwenye kanda,
mikono ina grisi ya vipuri vya pikipiki, Kirinyaga Road.
Nikamvisha spika za masikioni, nikamwekea ile ya awali.
"Huyo ni wewe?"
"Sijui. Sauti yangu ya wakati ule nitaijulia wapi?"
Akarudisha nyuma mwenyewe. Mara moja. Mara nne.
"Lakini hiyo shh," akasema,
"hiyo naijua. Ilikuwa inapitia kwenye pengo la jino."

Hakulia. Aliomba chai.
Aliuliza deki kama hii siku hizi inauzwaje.

Usiku ule nikarejesha kila kitu:
kijiko, kiti, swali.
Najua watakaotazama watasema
fundi alilala hapa.
Sawa.
Mlinzi anainamisha kichwa, mtoto anauliza,
na sisi wengine, tulioambiwa tungoje, tunangoja.

Kisha nikazirudisha nyuma kanda zote tatu mpaka mwanzo.
Shilingi tano ni shilingi tano.